Gari Lililozidi Geti

Jumamosi, 3 Agosti

Nimepata gari! Gari la kiume. Fowili, magurudumu yote manne yanavuta. Rangi ya majani makavu, boneti pana ungeweza kulia chakula juu yake. Leo saa nne asubuhi nimetoa lile gari letu dogo jeupe, nikapewa hili. Mkono kwa mkono, bila kuongeza kitu. Muuzaji ni mtu wa heshima, ndevu zimechanwa vizuri. Alishika kifua akasema anaachana nalo kwa uchungu. Nilimkaribisha chai akakataa, ana haraka.

Mke wangu alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake. Akatoka. Akalitazama gari, akatazama barabara kushoto na kulia, akauliza gari liko wapi. Nikamwambia hili hapa. Akauliza tena: gari lake, lile la kupelekea nguo kwa wateja, liko wapi? Kusema kweli lile gari lilikuwa letu sote, ila kadi ina jina langu. Nikamweleza kwamba hili linabeba mara tatu ya lile. Akarudi ndani. Cherehani haijasikika tangu hapo.

Jioni akapita mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake mke wangu, na kigari chake cha rangi ya fedha chenye boksi la tishu kwenye kioo cha nyuma. Miaka kumi na mmoja namvumilia mtu huyu. Hachelewi. Hapazi sauti. Anakumbuka tarehe aliyozaliwa kila mtu, mpaka mimi. Alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa upole kama nililichungulia chini kabla ya kubadilishana. Nikamjibu kwamba wanaume hawanunui magari wakiwa wamelala chali.

Akasema sawa, mwenzangu. Hiyo "sawa" yake siipendi.

Jumapili, 4 Agosti

Mke wangu amenikumbusha mara tatu leo. Naandika ili asiseme nilisahau. Shule ya bweni ya wasichana, ng'ambo ya mto: mashati meupe mia moja na arobaini, sketi za maruni mia moja na arobaini. Zifike Jumamosi ya tarehe 17 kabla ya saa sita mchana. Muhula uliopita zilichelewa siku moja, na mwalimu mkuu, mama asiyetabasamu, alimwambia kwamba zikichelewa tena oda inakwenda kwa fundi mwingine. Oda hii ndiyo uti wa mgongo wa kazi yake. Ameipigania miaka minne.

Zilichelewa kwa nini? Kwa sababu siku ile nilikuwa nimechukua gari kwenda kutazama pikipiki. Haya ni mambo ya zamani, sioni kwa nini yanatajwa kila Jumapili.

Ngoja niandike jambo moja ambalo simwambii mtu. Mimi ni karani wa masjala. Miaka kumi na tisa napanga mafaili ya watu wenye mashamba ya mbali: milimani, mabondeni, kando ya maziwa. Nayajua mashamba yote kwa namba. Sijafika hata kwenye moja. Nikipita koridoni watu hunisogeza kama wanavyosogeza kiti. Nimechoka kusogezwa. Mwenye gari kama hili hasogezwi.

Jumanne, 6 Agosti

Siku mbaya. Nimelipeleka gari gereji kwa fundi tunayemwita Injinia. Akaingia chini yake, akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikamsikia anacheka peke yake. Akatoka na habari kwamba ile gia fupi ya kuingiza fowili ipo, nzuri kabisa, ila haijashikana na kitu. Propela ya mbele, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, haipo. Imeng'olewa. Magurudumu ya mbele yanasindikiza tu ya nyuma.

Nikampigia muuzaji. Simu imezimwa. Nikapiga mara ishirini na sita. Mshenzi wa ndevu!

Injinia akasema propela inapatikana, ila inataka subira ya wiki mbili. Au kama nataka, wiki hii anaweza kuninyanyulia gari: springi mpya, shokapu ndefu, bodi ipande juu, matairi mapana. Nikafikiri kwa utulivu. Propela iko chini, nani ataiona? Urefu unaonekana hata na mtoto. Nikamwambia anyanyue.

Malipo tumemaliza kwa jenereta letu. Lilikuwa linakaa tu jikoni nyuma ya mlango. Na nimenunua stika kubwa nyekundu za 4x4, mbili, moja kila upande. Muuzaji wa stika hakuuliza habari za propela.

Alhamisi, 8 Agosti

Limenyanyuliwa! Nimeendesha kutoka gereji nikitazama watu vipara. Mwenye lori alinipisha. Mimi! Moyo ulijaa nikakaribia kulia, nasema kweli.

Nyumbani tatizo dogo. Geti letu lina boriti ya zege juu. Gari limezidi kwa upana wa kiganja. Nikajaribu kuingia polepole. Ikasikika sauti ambayo sitaki kuieleza. Nikatoa upepo kwenye matairi yote manne, nikajaribu tena, likaingia hadi mlangoni kwa dereva, likakaa hapo. Halitoki, haliingii. Jirani wawili wakaja kusaidia na kumi na wawili wakaja kutazama. Tukalitoa kwa kulisukuma saa nzima. Linalala nje.

Mke wangu nimemwomba apande tuzunguke kidogo. Alikuwa na sketi ndefu. Akainua mguu, ukafika nusu. Akajaribu ule mwingine. Nikamletea stuli ya jikoni. Akasimama juu ya stuli barabarani, jirani wote kumi na wanne wakimtazama, kisha akashuka, akachukua stuli yake, akarudi nayo ndani. Nilikaa kwenye usukani dakika kadhaa ili ionekane tulikuwa tumekubaliana hivyo.

Jumatatu, 12 Agosti

Umeme umekatika tangu jana asubuhi. Mtaa mzima. Cherehani ya mke wangu ni ya mota. Mashati yaliyokamilika ni sabini, sketi ni hamsini na kitu. Akaenda jikoni kuchukua jenereta.

Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikaendelea kunyoa sehemu ambayo nilikuwa nimeshainyoa.

Akaja mlangoni, akauliza liko wapi. Nikasema liko kwa fundi. Akauliza limeharibika lini. Nikasema halijaharibika. Akasema taratibu, mume wangu, jenereta langu umelifanya springi? Akiniita mume wangu najua tumefika pabaya. Nikamwambia kwamba tukitazama mbele, springi zile ndizo zitakazobeba nguo zake. Akaniachia mlango wazi, akaenda kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unaelekeza kitambaa. Nimesikiliza mlio huo siku nzima, naona bora angenitukana.

Mchana mwanyumba akaja. Amesikia kwa mke wake. Ametuletea cherehani ya miguu ya marehemu mama yake, ameifunga kwa kamba kwenye buti, amekuja na buti wazi njia nzima kwa mwendo wa kinyonga. Ameitia mafuta. Ameleta na sindano za akiba! Alipomaliza kuipanga sebuleni akaniuliza kazini hawajambo. Huyu mtu ananichimba, na anafanya hivyo kwa kutumia wema.

Jumatano, 14 Agosti

Leo nimeweka bomba la kupumulia! Ni lile bomba jeusi linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa, gari livute hewa huko juu hata likiwa majini. Hakuna gari la safari bila bomba hilo.

Injinia alitaka kutoboa madigadi ili bomba liungane na injini. Nikampigia kelele. Madigadi yale yamepakwa rangi juzi! Rangi bado inanukia! Akasema bila tundu bomba halitavuta hewa, litakuwa pambo. Nikamwambia abandike kwa gundi na skrubu ndogo. Akaniuliza mara ya pili: unataka la kufanya kazi au la kuonekana? Nikasema la kuonekana. Akaniuliza mara ya tatu, akamwita na mwenzake awe shahidi. Hana adabu. Nikamwachia saa yangu ya ukutani tukamalizana.

Ofisini wote walitoka nje kutazama. Bosi mwenyewe, ambaye kwa miaka sita ananiita "wewe wa mafaili," aliuliza linapita kwenye maji ya kina gani. Nikagusa kifua. Akasema hongera. Nimeirudia hiyo hongera mara nyingi njiani, kwa sauti yake.

Ijumaa, 16 Agosti

Mke wangu na mwanyumba wamepanga. Mbele yangu! Mezani! Kesho saa mbili kamili asubuhi mwanyumba atakuja na kigari chake, watapakia, watakwenda wote wawili kwa njia ya daraja. Nikasema mimi nina gari. Mke wangu akasema anajua. Nikasema gari langu linabeba kila kitu kwa mara moja. Mwanyumba akasema bila shaka, mwenzangu, lakini pumzika, umechoka na kazi. Wakaendelea kuhesabu marobota.

Nilikaa hapo nikinyonya mfupa. Basi. Atapeleka yeye. Mwalimu mkuu atamshukuru yeye. Na Jumapili tutakula kwao, na shemeji yangu atasimulia jinsi mume wake alivyookoa oda ya dada yake. Nitatabasamu mpaka taya ziume.

Haitakuwa hivyo. Nina mpango.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika mchana, suruali bado mbichi.

Saa kumi na mbili asubuhi niliingia sebuleni kwa ncha za vidole. Mke wangu alikuwa amelala juu ya cherehani ya yule mama, shavu kwenye mkono wa shati la mwisho. Amemaliza yote. Vidole vyake viwili vimefungwa plasta. Nilimwonea huruma, huruma ya kweli. Ndiyo maana nikaona nimpunguzie kazi. Nikabeba marobota yote, yamefungwa kwa mashuka. Mashati chini, sketi juu. Nilipanga mwenyewe. Lile shati la mwisho nililivuta polepole chini ya shavu lake, hakuamka.

Njia ya daraja ni saa moja na nusu. Lakini kuna kivuko cha zamani, mahali mto unapotanuka juu ya mchanga, magari makubwa hupita ndani ya maji. Hapo ni nusu saa. Ningefika shuleni saa moja asubuhi. Ningempigia mke wangu simu kabla mwanyumba hajafunga kamba za viatu!

Kivukoni palikuwa na mtu mmoja anaosha baiskeli. Akasema mvua imenyesha huko juu, maji yamepita magoti, zunguka darajani. Nikamwonyesha bomba. Akalitazama, akasema basi wewe unajua.

Nikaingia. Mwanzoni safi kabisa. Katikati, magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba mchanga, ya mbele yakasubiri. Nikavuta gia ya fowili. Iliingia laini sana, kwa sababu haisukumi kitu. Maji yakafika kwenye taa. Nikajiambia usiogope, una bomba.

Hapa nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma. Wakati ule nilikuwa nimesahau. Nililitazama bomba likisimama pembeni ya kioo, jeusi, imara, nikaliamini kwa moyo wangu wote. Nikakanyaga mafuta. Injini ikameza maji mkupuo mmoja, ikatoa sauti ya mtu aliyepaliwa, ikanyamaza. Maji yakaingia kwa milango. Nikageuka nyuma. Mashuka yalikuwa yanakunywa maji taratibu.

Nilikaa humo saa tatu. Simu haikuwa na mtandao, halafu haikuwa simu tena.

Mke wangu na mwanyumba walikuja kwa upande wa pili. Walikuwa wameshafika shuleni kwa njia ya daraja, hawakunikuta, wakabahatisha kivukoni. Mwanyumba akavua viatu, akaweka soksi ndani yake, akakunja suruali miguu yote miwili sawasawa, akaingia majini. Hakuniuliza chochote. Alisema tu, nipe marobota, mwenzangu. Yeye na yule wa baiskeli wakayavusha. Mimi nilishika mlango wazi.

Mke wangu alifungua robota la kwanza kwenye nyasi. Rangi ya sketi ilikuwa imeshuka kwenye mashati. Maruni juu ya meupe. Mengine yamekuwa ya waridi, mengine yana mabaka. Akafungua la pili. La tatu hakufungua. Nilisubiri apige kelele. Angepiga kelele ningekuwa na la kujibu. Alikunja shati moja vizuri, kola juu, akaenda nalo shuleni kwa gari la mwanyumba, ili asije akasemwa kwamba alikimbia.

Mwalimu mkuu alilishika kwa vidole viwili. Hakumgombeza. Alimpa pole, akampa na maji ya kunywa. Oda imekwenda kwa mwingine.

Jumapili, 18 Agosti

Gari limevutwa na trekta hadi gereji. Injinia amemwita yule shahidi wake, wakasimama wote wawili wakanitazama.

Nyumbani, mke wangu anafua tangu alfajiri. Ndoo, dawa ya kung'arishia, ndoo tena. Uani kamba sita, mashati yote mia moja na arobaini. Rangi haitoki. Wakati wa mchana nilitoka nikasimama karibu naye. Nikasema waridi nayo ni rangi nzuri, huenda kuna shule inaitumia. Akaendelea kukamua.

Nilitaka kumwambia nisamehe. Neno lilikuwa limefika kooni, nalihisi. Nikafungua mdomo, nikajikuta naeleza habari za propela. Nikaeleza kwamba kosa hasa ni la yule muuzaji. Nikaeleza kirefu. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya ndoo. Akaniambia hana hasira. Amechoka tu. Akasema kwa miaka mingi alikuwa akifikiri siku moja nitamtazama anavyofanya kazi, niulize kama nisaidie kushika kitambaa. Basi. Kushika upande mmoja wa kitambaa.

Nikaenda kukagua kama boriti ya geti inaweza kukatwa.

Jumatano, 21 Agosti

Ameondoka. Amekwenda kwa mdogo wake, kuna chumba cha nje atakachoshonea huko. Hakusema kwa muda gani na mimi sikuuliza, nisije nikajibiwa.

Mwanyumba alihamisha vitu kwa kigari chake. Safari nne! Cherehani, pasi ya mkaa, vitambaa, yale mashati. Nilisimama getini nikihesabu. Ya tatu nikashindwa kujizuia, nikamwambia gari langu lingevimaliza vyote kwa safari moja. Akanitazama muda. Nilidhani sasa atanitukana, baada ya miaka kumi na mmoja, nikajiandaa kwa furaha. Akasema pole sana, mwenzangu. Akanipa mkono. Wa kwake ulikuwa wa moto, wangu wa baridi, naye bila shaka aliliona hilo.

Nyumba iko kimya. Nimekaa sebuleni nikasikiliza mlio wa cherehani ambayo haipo. Sikuweza kula.

Saa kumi Injinia akapiga kwenye kisimu changu cha zamani. Injini imekauka, inawaka, inatoa moshi kidogo tu. Na ana habari: kuna winchi imeingia kwenye yadi ya vyuma chakavu. Winchi! Ile mashine ya waya inayofungwa kwenye bampa, unanasa mti, gari linajivuta lenyewe kutoka popote. Nikasimama. Mambo yote yakanijia wazi. Sikukosea gari, sikukosea njia. Nilikosa winchi! Ningekuwa nayo ningetoka mtoni kwa dakika tano, nguo kavu, na saa hizi mke wangu angekuwa hapo anashona oda ya muhula ujao.

Nikauliza atataka nini. Anataka meza ya kulia. Nikaitazama. Meza ya watu sita, nami nala peke yangu. Nimemwambia aje kesho asubuhi.

Mke wangu amesahau futi yake ya kushonea, ile laini ya kujikunja. Niliikuta kwenye kochi, ina joto la jua la dirishani. Nimekwenda nayo gereji nikapimia bampa. Winchi inaingia vizuri, na inabaki nafasi ya taa mbili.